Rimatisimu: jina moja, magonjwa mengi



Huku Kolwezi mtu akiumwa goti, mgongo au vidole, jibu ni moja: "Ni rimatisimu." Ananunua vidonge sokoni, anaingia posti yake, maneno yamekwisha. Sisi tunaona jina hilo linadanganya watu, na wengine linawaharibia mikono.

Goti la mtu aliyebeba mizigo miaka 20 linauma wakati wa kazi, linatulia akipumzika. Lakini kuna ugonjwa mwingine, artriti ya rimatoidi, ambao unamshika mtu usingizini. Asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimevimba, havifungi kifungo cha shati, havishiki mwiko wa bukari, na pengine saa nzima inapita kabla havijalegea. Unawapata wanawake mara mbili hata tatu kuliko wanaume. Basi baba asiseme mama amekuwa mvivu.

Ndani ya kiungo kuna ngozi nyembamba inayotoa maji ya kulainisha, kama mafuta ndani ya mashine. Mtu akipata ugonjwa huu, ngozi ile inajaa chembe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Chembe nyingine zinatengeneza silaha za kushambulia mwili wenyewe. Nyingine, zile zinazokula takataka, zinamwaga vitu vya kuwasha moto. Na chembe zilizokuwa wajenzi wa ngozi zinasikia mwito huo, zinageuka, zinaanza kula gegedu na mfupa. Kila moja inamchochea mwenzake. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa chembe zaidi ya 314,000 kutoka viungo vya watu 79: wakaona wagonjwa wanagawanyika katika vikundi 6, kufuatana na chembe zilizojaa. Pengine ndiyo sababu dawa iliyomsaidia jirani haikusaidii wewe.

Kidonge cha sokoni kinanyamazisha maumivu, lakini ugomvi ule unaendelea, na mfupa ulioliwa haurudi. Dawa yenyewe, kama metotreksate, inatoka kwa munganga: inamezwa mara moja kwa juma, si kila siku, na mama mwenye mimba haimezi kabisa.

Na vumbi? Mwaka 1953 munganga Anthony Caplan, huko Wales, aliandika juu ya wachimba makaa wenye ugonjwa huu ambao mapafu yao yalikuwa na mavimbe. Baadaye ikaonekana kwamba watu wanaovuta vumbi la silisi, kama wale wa kutoboa mwamba, wanaupata zaidi. Na tumbaku inazidisha. Sasa, nani mgodini kwetu hajui mwamba wa R.S.C.? Ile S ni silisi. Anayefunga maji ya mashine ya kutoboa kwa sababu yanamlowesha, afikiri tena. Wachimbaji wa mkono, nao wasiseme jambo hili ni la kampuni.

Vidole vikivimba asubuhi baada ya asubuhi, usingoje mwezi uishe. Nenda lupitalo, umwambie munganga vinalegea saa ngapi, na unafanya kazi gani. Hilo la pili wengi wanalisahau.