Zoezi Huchaguliwa kwa Haja ya Mwili

Wako walimu wa mijini ambao siku hizi huulizana swali ambalo wazazi wao hawakulijua: baina ya Pilates na bare, ni mazoezi yapi yafaayo zaidi kuutia mwili nguvu na kuukaza? Wanafunzi wao wa shule za upili na vyuo nao wanaliuliza, kwani picha za miili iliyokazwa zimejaa katika simu zao. Swali hilo si la kupuuzwa. Linahusu afya, na linahusu pesa ambazo mwalimu wa kawaida hana za kuchezea.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeyafahamu, haya ni mazoezi yasiyo na kishindo. Mtu haruki wala hakimbii. Hivyo magoti na vifundo vya miguu havipati ule mshtuko wa mwili unaotua chini kwa uzito wake wote. Pilates hufanywa aghalabu mtu akiwa amelala au ameketi mkekani, au juu ya mashine mfano wa kitanda, yenye kigari kinachoteleza na kuzuiwa na springi. Miondoko yake ni ya taratibu, hairudiwi mara nyingi, na pumzi huenda sambamba nayo. Misuli inayotumika zaidi ni ya tumbo, mgongo na nyonga.

Bare nayo imepata jina kutokana na neno la Kifaransa la ule mti mrefu, uliofungwa ukutani, ambao wachezaji wa baleti huushika wanapojinyoosha. Hufanywa zaidi kwa kusimama. Mtu hushika mti huo, akakunja magoti, akapanda na kushuka kwa kadiri ya inchi moja tu, tena na tena, hadi mapaja yakaanza kutetemeka. Mikono hupewa vyuma vyepesi vya kilo moja au mbili.

Wahenga walinena kuwa kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mkufunzi wa Pilates atakuambia kwamba bila uti wa mgongo ulio imara huna nguvu yoyote. Wa bare atakuonyesha mapaja yake. Wote wawili watakuahidi misuli mirefu na myembamba mithili ya ya mcheza baleti. Ni ahadi hii ambayo yafaa tuichunguze kabla hatujafungua kibeti.

Tuanze na historia. Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883, akakua mtoto mwenye maradhi ya mara kwa mara. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini katika Isle of Man kwa sababu ya uraia wake. Inasimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Mnamo 1926 alifika New York, na yeye na mwenzake Clara wakafungua ukumbi ambao wachezaji wa baleti walioumia waliukimbilia.

Lotte Berk, aliyeanzisha mazoezi yaliyozaa bare, alizaliwa Cologne, nchini humo humo Ujerumani, mwaka 1913. Alikuwa mcheza dansi wa Kiyahudi, akakimbia utawala wa Wanazi na kuhamia London. Baada ya kuumia mgongo, aliunganisha mazoezi ya baleti na yale ya kumponya mgonjwa, na mwaka 1959 akafungua studio yake jijini humo.

Mwalimu wa historia atatambua mara moja jambo moja katika visa hivi viwili. Njia zote mbili zilizaliwa na maumivu. Mmoja alikuwa mtoto mgonjwa, mwingine mcheza dansi aliyejeruhiwa. Walichotafuta kwanza ni mwili unaoweza kufanya kazi tena. Habari za kiuno chembamba zililetwa mbele na soko baadaye.

Na ahadi ya soko haina mashiko kisayansi. Urefu wa msuli huamuliwa na mahali ulipojishikiza kwenye mifupa, na mahali hapo hapabadilishwi na zoezi lolote. Msuli waweza kunenepa, waweza kupata nguvu, waweza kuvumilia kazi kwa muda mrefu zaidi. Kurefuka ukawa wa mtu mwingine hauwezi. Aidha, mafuta ya mwili hayayeyuki pale tu unapopafanyisha kazi. Anayekunja tumbo mara mia kila siku huimarisha misuli ya tumbo, lakini mafuta yaliyoifunika hupungua pale tu mwili mzima unapotumia nguvu nyingi kuliko inazopata katika chakula. Huko kunakoitwa kukaza mwili si kitu kingine ila misuli kuongezeka kidogo na mafuta kupungua kidogo.

Je, kutetemeka kwa mapaja kuna maana gani? Ni ishara kwamba msuli umechoka. Uchovu huo una faida, hasa kwa mtu aliyekuwa hafanyi lolote. Lakini nguvu huongezeka iwapo mzigo nao huongezeka. Mwanafunzi hawezi kurudia hesabu za darasa la nne kila mwaka akatumaini kufika chuo kikuu. Vivyo hivyo, anayeinua kilo moja leo, na mwaka kesho akawa bado anainua kilo hiyo hiyo, amedumisha uvumilivu wake, ila nguvu zake zimesimama palepale. Yeyote anayechagua studio na aulize: baada ya miezi mitatu, mzigo wangu utaongezwa vipi? Akikosa jibu, na atafute kwingine.

Na mgongo je? Hili ndilo jambo linalowagusa walimu, wainamao juu ya madaftari hadi usiku. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, lilichapisha tathmini kuhusu Pilates na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Ilibainika kwamba yaelekea Pilates hupunguza maumivu hayo kuliko kukaa bila tiba ya maana. Hata hivyo, haukupatikana ushahidi thabiti kwamba inayapiku mazoezi ya aina nyingine. Kwa hivyo anayeumwa mgongo ana sababu nzuri ya kujaribu Pilates, ila asidhani kwamba asiyeimudu ada yake amenyimwa dawa.

Liko jambo jingine la kutahadhari. Mnamo Oktoba 2000, mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si mali ya kampuni moja. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini tokeo lake ni kwamba jina hilo mlangoni halithibitishi elimu ya aliye ndani. Mwalimu, ambaye yeye mwenyewe hakuingia darasani bila cheti, asione haya kumuuliza mkufunzi alisomea wapi na kwa muda gani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi uchaguzi ufanywe vipi? Mwenye mgongo mchovu, au anayerudi polepole baada ya kuugua, na aanze na Pilates. Mwenye kutaka nguvu za miguu na usawa wa kusimama, na ambaye magoti yake hayamsumbui, bare itamfaa. Mwenye magoti mabovu ajihadhari na kule kukunja magoti mara nyingi akiwa amesimama kwa vidole. Na mzee ambaye mifupa yake imedhoofika ajihadhari na mazoezi ya Pilates ya kuukunja mgongo mbele kwa nguvu; amwone daktari kwanza.

Hata hivyo, hakuna yoyote kati ya njia hizi inayojitosheleza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kuongeza mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Studio inaweza kuzijaza siku hizo 2. Dakika zilizobaki zitapatikana kwa kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli au kulima shamba.

Kwa wasio na ada ya studio, habari njema ni kwamba vifaa vyenyewe si adimu. Kitabu alichokitoa Pilates mwaka 1945 kilieleza mazoezi 34 yasiyohitaji mashine, na mkeka ni kitu ambacho hakikosekani kwetu. Mti wa bare waweza kuwa ukingo wa dirisha au meza nzito isiyoyumba. Walimu wa shule moja wakikubaliana kubaki majilisi kwa nusu saa mara mbili kwa wiki, wakiongozwa na mwenzao aliyesomea mazoezi ya viungo, watapata sehemu kubwa ya kile kinachouzwa ghali mjini.

Wanafunzi nao wanahitaji kuambiwa jambo tofauti. Mwongozo uo huo unataka walio kati ya miaka 5 na 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na siku 3 za wiki yawemo yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Mfupa wa kijana hujengeka kwa kishindo: kuruka kamba, kukimbia, kucheza mpira. Zoezi lisilo na kishindo, linalomfaa mwalimu mwenye goti bovu, halitoshi kwa mwanafunzi wa miaka 15. Kinachomfaa ni kile kipindi cha mazoezi ya viungo kilichomo katika ratiba, ambacho mara nyingi huporwa na hisabati mtihani unapokaribia.

Ndipo ninapowaomba walimu wakirudishe kipindi hicho kwa wenyewe. Binti anayenyimwa uwanja shuleni ataitafuta elimu ya mwili wake katika picha za simu, na huko atafundishwa kwamba mwili ni kitu cha kutazamwa. Afundishwe mapema kuuliza mwili wake waweza kufanya nini leo, na mwezi ujao utaweza kuongeza nini. Akiisha kulizoea swali hilo, siku atakaposimama mbele ya milango ya studio mbili akiwa na mshahara wake mkononi, hatababaishwa na bango lolote.