Mlima Haupandwi na Dereva Peke Yake

Kila mbio za magari ya zamani zinapofufuliwa, historia husimuliwa kwa majina mawili tu: la dereva na la gari. Aliyelisukuma kwenye tope hana jina, na aliyechimba barabara hata hatajwi. Hiyo ni nusu ya historia. Kama ndiyo inayotakiwa kuletwa Uluguru, ibaki huko huko.

Wenzetu Uingereza wana Shelsley Walsh. Tangu 1905 magari hupanda kilima kile kile, moja baada ya jingine, yakishindana na saa. Kwetu mlima ulikuja ndani ya safari ndefu. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari. Baadaye yalihamia Pasaka, yaani masika yenyewe, na milima kama ile ya Mbulu ikageuka utelezi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena.

Tazama picha za enzi hizo. Gari limezama hadi ekseli, wanakijiji wameliegemea kwa mabega, matope hadi magotini. Chini ya picha, mara nyingi, limeandikwa jina la mtu mmoja: aliyekaa ndani.

Hata sifa ya dereva tumeikata nusu. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Ule ushindi wa 1965 aliupata kwa Volvo iliyokwishatumika. Kujua kulitengeneza gari ndiko kulikolifikisha, lakini tunapofufua mbio tunafufua usukani na kuisahau spana.

Mwaka 2003, miaka 50 tangu safari ya kwanza, magari ya kale yalirudi barabarani katika East African Safari Classic. Yanapendeza, sikatai. Ila simama Mafiga, hapa Morogoro, uinue macho mlimani. Huko Mgeta kabichi na njegere hazishuki zenyewe. Magari makuukuu yanapanda na kushuka yamejaa magunia na abiria, kiangazi na masika. Hakuna anayeyapimia muda wala kuyapigia makofi. Hayo hayahitaji kufufuliwa, maana hayajawahi kufa.

Atatokea wa kusema: mbio zitaleta utalii na ajira. Huenda. Lakini milima hii inaijua miradi inayoletwa na wasioishi humo. Mwaka 1955 Waluguru waligoma kulimishwa matuta ya ngazi kwa amri ya mkoloni, na Matombo damu ikamwagika. Hoja haikuwa udongo tu. Hoja ilikuwa nani anaamua, na nani anatoa jasho. Na udongo huo huo ndio unaoshika maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam. Ukiuchimbua kwa magurudumu kwa raha ya siku mbili, watakaobaki na makorongo ni wakulima.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Basi anayetaka mbio za kupanda Uluguru alete mafiga matatu: gari, fundi na barabara. Fundi awe wa hapa hapa, alipwe na jina lake litangazwe pamoja na la dereva. Barabara ijengewe mitaro kabla ya mbio, ili gari la kabichi lipite siku ya pili yake. Na mwenye shamba kando ya njia aulizwe kwanza. Akikataa, njia ihamishwe.

Na ninyi vijana wa SUA na Mzumbe, msisubiri mbio. Wazee waliochimba barabara hizi kwa majembe wanazidi kupungua. Nendeni mkawarekodi, majina yao na ya vijiji vyao. Wakishaondoka, tutakayebaki naye kwenye picha ni yule yule aliyekaa ndani ya gari.