Si Kila Zimwi Lina Kitabu

Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na kuna dai moja limenichosha: kwamba tamthilia za kutisha za televisheni, zile za majumba ya kale, laana na wapenzi waliokufa, ni watoto wa riwaya za karne ya 19. Ukitaja filamu za mazimwi za miaka ya 1930, darasa linacheka. Eti kitabu ndicho mzazi, filamu ni jirani mwenye kelele.

Sikubali. Chukua Dark Shadows, iliyorushwa na ABC nchini Marekani kati ya 1966 na 1971. Mwaka 1967 iliingiza mnyonya damu, Barnabas Collins. Anamteka Maggie Evans na kumlazimisha awe Josette, mpenzi wake aliyekufa zamani. Huyo ni Dracula, wanasema. Basi fungua riwaya ya Bram Stoker ya 1897 umtafute mpenzi huyo. Hayumo. Sasa tazama The Mummy ya 1932: Boris Karloff anafufuka huko Misri na kumwandama mwanamke wa kisasa, akiamini ndiye binti mfalme aliyempenda, amezaliwa upya. Hicho ndicho kisa cha Barnabas, miaka 35 kabla yake.

Na njia ya kupitia ilikuwepo. Mwaka 1957 filamu 52 za zamani za Universal, nyingi za kutisha, ziliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani kwa jina la Shock. Mazimwi yakaingia sebuleni. Mwaka 1964 The Munsters ikaleta baba wa familia mwenye sura ya zimwi la Frankenstein, sura ambayo Mary Shelley hakuiandika. Aliibuni mpambaji Jack Pierce kwa filamu ya 1931. Kisha Dan Curtis, muasisi wa Dark Shadows, akatengeneza filamu ya televisheni ya Dracula mwaka 1974, akampa naye mpenzi aliyepotea. Hapo ni Dracula aliyerithi kutoka kwa Barnabas!

Mtanijibu kwamba Penny Dreadful (2014–2016) ilirudi kitabuni, kwa kuwa zimwi lake lina ufasaha kama la Shelley. Kweli. Lakini Ethan, anayegeuka mbwa mwitu humo, jina lake halisi ni Talbot. Talbot ni mhusika wa The Wolf Man ya 1941, ambayo Curt Siodmak aliiandika kwa ajili ya skrini. Hakuna riwaya nyuma yake.

Tukiwafuta Karloff, Pierce na Siodmak katika ukoo huu, hatuilindi fasihi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba hadithi haina heshima mpaka ichapishwe. Sisi tuliosimuliwa ngano kabla ya kujua kusoma tulipaswa kuwa wa mwisho kuamini hivyo.

Muhula ujao, The Mummy iwekwe kwenye orodha ya lazima, sambamba na Stoker. Atakayecheka aitazame kwanza.