Mchora Nyumba na Ajifunze Kufuta

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yatuhusu wengi, lakini yamgusa msanifu wa majengo kuliko mtu mwingine yeyote. Aghalabu yeye huchora ramani, akalipwa ujira wake, akaenda zake. Joto la sebule na giza la jikoni huwaachia wengine. Ndiyo maana nyumba ambayo msanifu amejichorea mwenyewe, akahamia na kuzeekea humo, yastahili kusomwa kama kisomwavyo kitabu.

Nyumba mojawapo ya aina hiyo iko Pacific Palisades, katika jiji la Los Angeles, Marekani, mahali palipoinuka panapoikabili Bahari ya Pasifiki. Ilikuwa makao ya Charles Eames, msanifu, na mkewe Ray, aliyesomea sanaa ya uchoraji. Ilihesabiwa kuwa ya 8 katika mradi ulioanzishwa mwaka 1945 na jarida la Arts & Architecture. Mhariri wake, John Entenza, aliwataka wasanifu watoe mifano ya makao ya kisasa yaliyowafaa watu waliokuwa wakitoka katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Ramani ya kwanza ilichorwa na Charles pamoja na rafiki yake, Eero Saarinen. Nyumba hiyo ingetokeza mlimani na kupita juu ya uwanda wa nyasi mithili ya daraja, ikiitazama bahari. Lakini vita vilikuwa vimeadimisha vyuma, na shehena yao haikufika hadi mwaka 1948. Katika muda huo wa kungoja, mume na mke walikwenda mara kwa mara kwenye kiwanja chao, wakala chakula nyasini, karibu na mikaratusi iliyokuwa imestawi hapo. Wakaupenda uwanda ule. Hatimaye wakang'amua kwamba ramani yao, pamoja na uzuri wake wote, ingeharibu kile kile kilichowavuta.

Basi wakaifuta. Nyumba ikasogezwa kando na kuegemezwa kwenye mteremko, nyuma ya safu ya mikaratusi, na ukuta mrefu wa zege ukajengwa kuuzuia udongo. Yakasimama majengo mawili, moja la kuishi na jingine la kufanyia kazi, na ua katikati. Uwanda ukaachwa ulivyokuwa. Kwa maelezo ya Charles mwenyewe, vyuma vilivyokusudiwa kwa nyumba ya kwanza ndivyo vilivyojenga ya pili, ikaongezwa boriti moja tu, ilhali nafasi ya ndani ilizidi. Walihamia mwezi wa Desemba 1949, wakaishi humo hadi Charles alipofariki mwaka 1978 na Ray mwaka 1988.

Najua atatokea msomaji aseme kwamba hayo ni mambo ya watu wenye uwezo, na kwamba nyumba ya vioo na vyuma haitufai sisi. Hoja yake ina uzito. Isitoshe, mradi ule wa jarida haukuwapatia umma wa Marekani makao kwa wingi kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo, madirisha na vyuma vya nyumba hii havikufuliwa kwa anasa. Viliagizwa kutoka viwandani vikiwa tayari, kama alivyoweza kuviagiza mjenzi yeyote. Tena mimi siwahimizi wasomaji kuiga vioo. La hasha! Lililo bora kuigwa ni ule moyo wa kuitupa kazi iliyokwisha kusifiwa, mara ardhi yenyewe inapoikataa.

Moyo huo haujengwi siku moja, na mahali pa kuulea ni darasani. Mwanafunzi wa uchoraji ambaye husifiwa kwa mistari iliyonyooka pekee atakua akiamini kwamba kifutio ni dalili ya kushindwa. Mwalimu amwulize pia: Je, umekitembelea kiwanja saa sita mchana? Maji ya mvua hupitia wapi? Ni mti gani hapo usiopasa kukatwa? Naye mama atakayepika humo, umemsikiliza? Akirudi na majibu yanayoiharibu ramani yake ya kwanza, na apewe alama kwa kuwa ameiharibu kwa sababu.

Maana ramani mbaya hufutwa kwa dakika chache, bali nyumba mbaya humtesa mkaaji wake maisha yake yote. Charles na Ray walikuwa na bahati kwamba vyuma vilichelewa, wakapata fursa ya kukijua kitanda chao kabla ya kukilalia. Vijana wetu wasingoje bahati kama hiyo. Wafundishwe kungoja kwa hiari, huku karatasi ingali mkononi.