Majengo Mapya, Uteuzi Ule Ule

Tangu 2021 kuna mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia wa kuinua vyuo vikuu vya umma. Maabara zinajengwa, kampasi zinafika mikoani, mitaala inapitiwa, wahadhiri wanapelekwa kusoma. Sina ugomvi na hayo. Mtu aliyewahi kufuatilia mhadhara akiwa amesimama mlangoni hawezi kupinga ukumbi mpya. Ila jamani, mbona kwenye mageuzi yote haya sisikii mtu akigusa namna viongozi wa vyuo wanavyopatikana?

Chukueni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wa Chuo anateuliwa na Rais. Mwenyekiti wa Baraza, Rais. Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji mwenyewe, naye Rais. Tangu 2016 Mkuu wa Chuo ni Mzee Kikwete, Rais mstaafu na mwenyekiti wa zamani wa CCM. Simsemi vibaya mzee wetu, naongelea kiti. Mtu anayejua kalamu iliyompa cheo iko Ikulu, siku wanafunzi na serikali wakivutana atasimama na nani?

Na hili halikuanza juzi. Chuo kilipojitegemea 1970, Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, akaandika barua ya wazi kuukosoa utawala. Alifukuzwa, polisi wenye silaha wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya. Njooni Desemba 2019: viongozi wa DARUSO wanaipa Bodi ya Mikopo saa 72 ishughulikie mikopo ya wenzao, na wanaishia kusimamishwa. Miaka 48 katikati, dawa ile ile.

Ugonjwa huu unashuka hadi chini. Chuo ninachosoma (nisikitaje), ukitaka kugombea uongozi wa wanafunzi unapita kwanza kwenye usaili. Mwaka jana nilikaa mbele ya watu watatu. GPA yangu hawakuiuliza, sera zangu hawakuzifungua. Swali la kwanza: "Wewe binti, chama gani?" Jina langu halikurudi, na sababu sijapewa mpaka leo. Waliopita wanajua nani kawapitisha. Ndiyo maana bumu likichelewa wiki tatu, prezidaa wetu anatoa tangazo la kutuomba tuwe watulivu.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Tunaikariri, tunaifanyia mtihani, halafu tunatoka ukumbini na kukuta mwenzetu kasimamishwa kwa barua ya mistari minne. Mhadhiri aliyetufundisha ibara hiyo anaona, ananyamaza. Namwelewa, ana familia.

Sasa makamanda, msinijibu kwamba tukishika dola tutateua watu wetu wazuri. Hilo ndilo ninalolikataa. Mteule wetu naye atatazama juu. Tunachotakiwa kudai ni sheria ibadilike: nafasi ya Makamu Mkuu wa Chuo itangazwe, waombaji wahojiwe hadharani na Baraza, wahadhiri na wanafunzi wawe na kura kwenye Baraza hilo, na Rais asiwe na mamlaka ya kuleta jina lake mwenyewe.

Kwa wanafunzi, sifa za mgombea ziwe zile zinazoonekana kwenye karatasi, yaani usajili na matokeo. Anayekatwa aandikiwe sababu na awe na pa kukata rufaa kabla ya siku ya kura. Hilo halihitaji hata shilingi moja ya HEET. Naomba wanaoandaa sera za chama waanze na hilo la rufaa, kwa sababu linaweza kudaiwa chuo kwa chuo hata kabla Bunge halijagusa sheria, na uchaguzi wa serikali za wanafunzi haukawii.