Njia ya Karakana Nayo Hufika Chuo Kikuu

Kila mwaka orodha ya TAMISEMI ya waliomaliza kidato cha nne hutoka na makundi mawili: waliopangiwa kidato cha tano na waliopangiwa vyuo vya kati, vikiwamo vya ufundi. Wamewekwa katika orodha moja kwa kuwa wote wamechaguliwa. Nyumbani hesabu huwa nyingine. Aliyepangiwa kidato cha tano hununuliwa tranka na godoro, na majirani wakaambiwa. Aliyepangiwa chuo huulizwa, "Hivi huwezi kubadilishiwa?" na usiku huohuo mjomba anayefahamiana na mtu wizarani hupigiwa simu.

Tabia hii inawaumiza vijana, na tena haina msingi katika taratibu za nchi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yake yenye jumla ya pointi nne. Tume hiyohiyo inampokea mwenye stashahada kwa sifa linganishi: GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Na liko jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia kabisa. Kijana ambaye kidato cha nne kilimwendea vibaya, akapata chini ya masomo manne, anaweza kuziba pengo hilo kwa cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu, kisha apande hadi stashahada na kuomba shahada. Yaani hata aliyekwishaambiwa kuwa masomo yamemshinda amewekewa ngazi ya kupandia.

Basi mlango upo. Kinachowazuia wengi ni aibu wanayotwishwa na watu wao wenyewe.

Hebu mzazi mwenye shaka aingie katika karakana ya umeme ya chuo chochote kilicho karibu naye. Atamkuta binti wa miaka kumi na minane akifunga nyaya katika ubao wa mazoezi: swichi, soketi, kikata umeme. Anapima kwa mita, anaona usomaji si ule alioukokotoa kwenye daftari, anafungua tena, anatafuta kiungo kilicholegea. Mwenzake wa kidato cha tano huenda anaisoma kanuni ileile ya Ohm kwa saketi iliyochorwa ubaoni, akaijua vizuri na kuifaulu. Wote wawili wanasoma fizikia. Atakayesema mmoja wao hana akili ya chuo kikuu atoe ushahidi.

Nchi hii iliwahi kulitazama jambo hili kwa jicho pana. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi na mwenendo wake kazini utazamwe. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na baadaye ukaachwa. Hata hivyo uliheshimu kazi kama sehemu ya elimu, na heshima hiyo ndiyo inayopungua leo. Kwamba ufundi hufika hadi shahada, vyuo vyenyewe ni mashahidi. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1957, ndicho leo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, inayotoa shahada. Chuo cha Ufundi Mbeya nacho kimekuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia.

Wapo watakaosema njia hii ni ndefu, na wana hoja. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili; stashahada kwa aliyetoka kidato cha nne kwa kawaida ni mitatu. Lakini aliyekosa pointi zake kidato cha sita hurudi nyumbani bila fani, na aliyemaliza stashahada ya ujenzi anaweza kuajiriwa kama fundi sanifu, akajilipia mwenyewe ada ya shahada. Mwaka huo mmoja haukupotea.

Vijana nao wasidanganyike. Ufundi si mahali pa kukimbilia hesabu. Vyuo vikuu huongeza masharti yao juu ya yale ya TCU, na mwenye kuota uhandisi akiitupa hisabati kidato cha pili atakutana nayo tena mbele. GPA haisubiri mwaka wa mwisho. Anayeanza kuchezea mitihani mapema atajikuta na 2.8 na majuto.

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, jambo la kushukuru. Mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Ifikie fani zote. Mtoto wa mkulima asichague njia kwa kutazama ipi ina ada na ipi haina. Vyuo vikuu navyo viache kumrudisha mwenye stashahada darasa la kwanza katika kila somo. Kile alichokwishakisoma na kukifaulu, kihesabiwe.

Shauri hili lina haraka. Januari 2024 kundi la kwanza la kidato cha kwanza liliingia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, chini ya mtaala mpya, na vijana hao wanatazamiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. TCU, NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) na vyuo vikuu wakae pamoja kabla ya hapo, watangaze kwa Kiswahili chepesi ni fani ipi ya amali inampeleka kijana katika shahada ipi, kwa ufaulu gani. Tangazo hilo libandikwe katika kila shule yenye mkondo huo, na wazazi waitwe wasomewe.