Mstari wa Kioo Nao ni Khati

Waungwana wa pwani wakitaja sanaa ya mstari, hutaja khati ya msahafu, nakshi za milango ya Lamu na hina ya mikononi mwa bibi harusi. Mimi naongeza la nne, na atakayecheka na acheke: mistari iliyochorwa juu ya ushanga wa kioo.

Sisemi zile punje ndogo za rangi moja zitungwazo mamia kwa mamia. Nasema ushanga ufanywao mmoja mmoja motoni, kama wafanyavyo mafundi wa Venice, nchini Italia. Fundi huyeyusha kijiti cha kioo kwenye mwali, akakizungushia chuma chembamba kilichopakwa udongo ili kisigande. Kisha hushika uzi wa kioo, mwembamba wa milimita 1 au 2, alioufua mwenyewe kwa kuvuta kioo kilichoyeyuka. Kwa uzi huo huchora mawimbi, matawi na maua.

Hapo ndipo penye kazi. Uzi ukiingia motoni barabara, hujikunja ukawa tone. Ukiwa mbali mno, haushiki, ama hukatika. Basi mkono hukaa ukingoni mwa mwali, na ushanga wenyewe hauachwi upoe usije ukapasuka. Mtoto wa chuoni akikosea huosha ubao wake akaandika upya. Fundi huyu hana maji ya kuoshea. Akimaliza, ushanga hupozwa polepole, kwani haraka haraka haina baraka.

Wako wasemao, "Hayo ya Wazungu, yatuhusu nini sisi?" Nawajibu kwa mawili. Kwanza, kupamba kioo kwa nyuzi za kioo kulijulikana Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mafundi wa Kiislamu wa Misri na Sham waliiendeleza kazi hiyo. Pili, katika karne ya 19 shanga za Venice, nyingi zikiwa zile za rangi moja, zilishushwa Unguja zikachukuliwa bara na misafara. Mwingereza Richard Burton, aliyeshika njia hiyo mwaka 1857, aliyaandika majina tuliyozipa, samesame likiwamo, akaeleza kuwa ushanga usiopendwa mahali haukununua kitu. Alhasili, mkono ulikuwa wa Venice, lakini hakimu alikuwa mvaaji wa huku kwetu.

Mwaka 2020 UNESCO iliiandika sanaa ya shanga za kioo ya Italia na Ufaransa katika urithi wa binadamu. Ni heshima njema, ila heshima haijazi chungu. Linalonikera ni mnunuzi ashikaye ushanga wa mkono akataka kuulipia bei ya plastiki, ati vyote ni shanga. Sisi tuliofunzwa kuwa ujira wa kibarua hulipwa kabla jasho lake kukauka, twawezaje kulipunja jasho lililotoka mbele ya moto?

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujauza ushanga wa bibi yako wala kununua wa mwenzio, uweke penye mwangaza. Tazama mstari ulipoanzia na ulipokomea, unene wake na wembamba wake. Ukiona shanga mbili zimefanana kila nukta, hizo ni za mtambo. Ukiona zatofautiana kidogo, jua kuna mtu aliyezuia pumzi yake ili mstari ule upite salama. Bei yako na imtambue mtu huyo.